Oili ya 2T Kwenye Petroli: Inalainisha Nini Hasa?

Ukikaa kwa muda kwenye kituo chochote cha mafuta kinachotegemewa na bodaboda, hutakosa kumwona mwendeshaji ambaye, baada ya kujaziwa lita 2 za petroli, anatoa kichupa kidogo cha oili nyekundu au ya bluu, anapima kifuniko kimoja, anakimimina tankini, kisha anaitikisa pikipiki kushoto na kulia kabla ya kuondoka. Ukimuuliza sababu, atakwambia kwamba petroli ya siku hizi ni kavu na kwamba bila oili hiyo injini itakauka na kuisha mapema. Maelezo hayo hayo yamehamia kwa wenye magari madogo yaliyotumika yatokayo Japani, ambao huambiwa na marafiki, na wakati mwingine na mafundi, kwamba oili ya 2T hupunguza ulaji wa mafuta, husafisha nozeli zinazorusha petroli na kutuliza mlio wa injini.

Wapo pia wanaodai kinyume kabisa, kwamba tone moja tu la oili hiyo linatosha kuua injini. Pande zote mbili zinakosea, na kosa lao lina chanzo kimoja: zinaizungumzia oili bila kuitazama injini ambayo oili hiyo ilitengenezwa kuitumikia.

Injini mbili, njia mbili za kupata oili

Tuanze na maneno. Mpigo ni safari moja ya pistoni ndani ya silinda, iwe ya kupanda au ya kushuka. Injini ya mipigo minne huhitaji safari nne ili kukamilisha kazi yake: pistoni inashuka ikivuta hewa na petroli, inapanda ikivibana, inasukumwa chini na mwako, kisha inapanda tena kutoa moshi. Injini ya mipigo miwili hufanya kazi hiyo hiyo kwa safari mbili tu, kwa kuunganisha hatua zake. Herufi na tarakimu 2T kwenye chupa zinataja injini ya aina hii ya pili. Karibu bodaboda zote za petroli zinazouzwa leo Afrika Mashariki, pamoja na magari yote madogo ya petroli barabarani, ni za mipigo minne. Za mipigo miwili zimebaki kwenye chensoo, kwenye baadhi ya mashine za kufyekea majani na majenereta madogo, na kwenye mashine nyingi za boti za wavuvi wa pwani na wa Ziwa Viktoria. Wazee watakumbuka pia Vespa, na aina za mwanzo za bajaji.

Tofauti inayotuhusu hapa ni mahali oili inapokaa. Kwenye injini ya mipigo minne, oili hukaa chini, kwenye sampu, yaani bakuli la oili, na pampu huisukuma kila inapohitajika: kwenye beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye vifaa vya juu vinavyofungua valvu, na kwenye kuta za silinda. Petroli haishuki huko, na oili haitakiwi kupanda kwenye chumba cha mwako, kwa kuwa ringi za pistoni zimewekwa ziwe mpaka kati yao. Moja ya ringi hizo haina kazi nyingine isipokuwa kukwangua oili ukutani na kuacha utando mwembamba tu unaotosha pistoni kuteleza.

Injini ya mipigo miwili ya kawaida haina nafasi ya kuweka oili chini, kwa sababu chumba cha krenki chenyewe ndicho njia ambayo hewa na petroli hupitia kabla ya kupanda kwenye silinda. Kama ungeweka oili humo, ingefagiliwa yote na kuchomwa kwa muda mfupi. Suluhisho la wabunifu likawa ni kuisafirisha oili ndani ya petroli yenyewe, ili inapopita iache unyevu wake kwenye beringi, kwenye konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, na ukutani, halafu iungue pamoja na petroli na kutoka kama moshi. Uwiano unaotajwa kwenye mashine nyingi ni 1:50, yaani mililita 20 kwa kila lita ya petroli, na mashine za zamani huhitaji 1:25, yaani mililita 40. Kwa kuwa oili hii imezaliwa iungue, hutengenezwa iwe nyepesi kuchanganyika na isiyoacha majivu mengi.

Jikoni kuna mfano unaosaidia. Kwenye pilau, mafuta hutiwa sufuriani na kupikwa pamoja na mchele. Huwezi kuyatenganisha na chakula. Kwenye chapati, mafuta hupakwa juu ya chuma, na mkaa ulio chini hauhusiki nayo. Injini ya mipigo miwili ni pilau, ya mipigo minne ni chapati, na petroli ya hiyo ya pili ni mkaa wake. Anayemimina 2T kwenye petroli ya injini ya mipigo minne anafanana na mtu anayemwagia mkaa mafuta ya kula akitarajia chapati isishike. Mfano huu una dosari moja ambayo ni haki kuitaja: moto wa injini unawaka ndani ya silinda hiyo hiyo inayohitaji kuteleza, kwa hiyo si uongo kwamba sehemu ya oili iliyomo kwenye petroli hufika ukutani. Swali la maana ni kiasi gani hufika, na inakuta nini huko.

Hesabu ya tone moja

Wanaotetea matumizi ya 2T kwenye gari hupendekeza kiasi kidogo, mara nyingi 1:500, ambacho kwa tanki la lita 40 ni mililita 80. Tuchukue gari lenye silinda nne, linalokwenda kilomita 80 kwa saa huku injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na kula takribani lita 6.4 kwa saa. Kila silinda huwasha mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo injini nzima huwasha mara 5,000 kwa dakika, yaani mara 300,000 kwa saa. Tanki hilo litadumu zaidi kidogo ya saa sita, na katika muda huo kutakuwa na miwako karibu milioni 1.9. Mililita 80 ni kama matone 1,600. Tone moja la oili, basi, linagawanywa kwa miwako zaidi ya 1,000.

Sehemu kubwa ya hicho kidogo inaungua. Kinachobaki kinatua kwenye ukuta ambao tayari una oili, kwa sababu katika mwendo huo pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 40 kwa sekunde, na kila inaposhuka inapita kwenye utando uliotoka sampuni. Oili ya sampuni haigawanywi kwa matone; inasukumwa na pampu bila kukoma. Kwa injini nzima, mchango wa 2T kwenye kulainisha ni mdogo kiasi kwamba sioni njia ambayo dereva angeusikia kwa sikio lake. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema gari lao lilitulia siku hiyo hiyo. Siwaiti waongo. Mtu aliyetia dawa husikiliza injini kwa makini kuliko kawaida, na mara nyingi dawa hiyo hutiwa siku ile ile plagi zilipobadilishwa na filta ya hewa kupulizwa.

Kwa bodaboda hesabu inageuka, na hapa kifuniko ndicho kinachodanganya. Kifuniko cha mililita 10 kwenye lita 2 za petroli ni 1:200, kiasi ambacho ni mara mbili na nusu ya kile kinachopendekezwa kwa gari. Kifuniko hicho hicho kwenye tanki la lita 40 ni 1:4,000, ambacho ni sawa na kutotia kitu. Watu wawili wanaweza kubishana siku nzima kuhusu kifuniko kimoja bila kugundua kwamba wanazungumzia dawa za nguvu tofauti kwa mara 20. Ukitia 1:200 kila siku kwenye injini ndogo yenye kabureta, inayokwenda mwendo mfupi wa kusimama na kuondoka, usishangae plagi ikitoka nyeusi na yenye unyevunyevu, na kichwa cha pistoni kikiota masizi.

Neno “kavu” lilitoka wapi

Imani hii haikuzuka hewani. Kuanzia miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili iweze kubanwa sana bila kulipuka kabla ya wakati. Risasi ilileta faida ya pembeni: iliacha utando kwenye viti vya valvu za kutolea moshi, na utando huo ukazuia chuma laini cha injini za zamani kisiliwe. Ilipobainika kwamba moshi wake unaharibu ubongo wa watoto, nchi zikaanza kuiondoa. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwezi Juni 2001 kuachana nayo, na kufikia mwanzoni mwa 2006 biashara hiyo ilikuwa imekwisha katika eneo hili. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Madereva wa magari ya zamani waliambiwa, na kwa wakati ule haikuwa uongo, kwamba petroli mpya haina ile kinga. Kutoka hapo neno “kavu” likaenea hadi kwa injini zisizohusika. Injini zilizobuniwa kwa petroli isiyo na risasi hutengenezwa na viti vya valvu vigumu, na hata kwa zile za zamani 2T haichukui nafasi ya risasi, kwa kuwa kilichokosekana kilikuwa utando wa madini, si ute wa oili.

Chanzo cha pili kipo kwenye dizeli. Pampu za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na sulfa inapopunguzwa kiwandani, baadhi ya chembe za asili zinazosaidia kuteleza huondoka pamoja nayo. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye sulfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na wenye malori wakaanza kuuliza kama pampu zao zitadumu. Hofu hiyo ina mantiki, ingawa dizeli ya sulfa ndogo hurudishiwa viungo vya kulainisha kabla ya kuuzwa. Kuihamishia kwenye petroli ndiko kulikokosa mantiki. Petroli haijawahi kuwa kilainishi, na pampu ya petroli iliyomo ndani ya tanki ilibuniwa na watu waliolijua hilo.

Tanzania ina sababu yake ya ziada ya kutoiamini petroli. Mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo, baadhi ya wafanyabiashara waliyachanganya kwenye petroli na dizeli, na neno “kuchakachua” likapata umaarufu mkubwa hata likatumika kwa kura na mitihani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kufichua uchakachuaji, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Kumbukumbu ya wakati ule bado ipo, na wako wanaotia 2T wakiamini inatibu petroli iliyochakachuliwa. Inafanya kinyume. Tatizo la petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni kwamba okteni yake, yaani uwezo wa kuvumilia kubanwa bila kujilipua, imeshuka. Na oili nayo ina okteni ndogo kuliko petroli. Anayeongeza oili anaisukuma petroli upande ule ule ilikokwisha kusukumwa na mchakachuaji, hata kama ni kwa hatua ndogo.

Madhara yapo, ila si yale yanayotajwa

Kwa 1:500 injini ya gari haifi. Kama ulishatia, hakuna sababu ya kukimbilia gereji kumwaga tanki, na kama kwa bahati mbaya umejaziwa mchanganyiko wa 1:50, kuongeza petroli tupu mpaka tanki lijae kunatosha kwa magari mengi. Wanaotia kwa wingi na kwa muda mrefu ndio wanaopaswa kufikiria masega, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, pamoja na sensa ya oksijeni iliyo karibu nayo. Vyote viwili vilibuniwa kupokea moshi wa petroli, na masizi ya oili yanayojikusanya juu yake hupunguza uwezo wao. Hali huwa mbaya zaidi kwa mtu ambaye, kwa kukosa 2T, anatia oili ya kawaida ya injini tankini. Oili hiyo ina zinki, fosforasi na kalsiamu, ambavyo haviungui vikaisha. Hubaki kama majivu, na fosforasi ni sumu ya masega.

Lipo dhara jingine lisilozungumzwa, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: 2T inamficha mgonjwa. Fundi mzuri husoma moshi. Mweusi humwambia petroli ni nyingi kupita kiasi, mweupe mzito usiokoma humwelekeza kwenye maji yanayoingia silindani, na wa bluu ni oili inayoungua, ishara kwamba ringi zimechoka au sili za valvu zimekufa. Ukiweka oili kwenye petroli umetengeneza moshi wa bluu kwa mkono wako. Fundi atafungua injini nzima bila sababu, au, jambo linalotokea kwa urahisi zaidi, mwenye chombo atauzoea moshi huo na kuuita wa 2T hadi siku sampu itakapokuwa tupu na injini ikanoki.

Kwa bodaboda siku hiyo haiko mbali. Injini yake hubeba takribani lita moja tu ya oili na hupozwa na upepo, na mara kwa mara hupandisha mlima ikiwa na mshikaki wa abiria wawili au watatu. Ikipungua mililita 300, karibu theluthi ya oili yote imeondoka, na iliyobaki inazunguka ikiwa ya moto zaidi na chafu zaidi. Kuchomoa dipstiki kila asubuhi hakugharimu chochote. Nimewahi kumwona kijana aliyekuwa hakosi kichupa cha 2T mfukoni, lakini dipstiki yake ilipochomolewa ilitoka kavu. Ukavu aliouogopa kwenye petroli ulikuwa sampuni.

Dai la kusafisha nozeli na valvu nalo linahitaji neno moja. Baadhi ya magari ya Japani, kama yale ya Toyota yenye nembo ya D-4, hurushia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu za kuingizia hewa kwenye injini hizo hazioshwi na petroli hata kidogo, ndiyo maana huota masizi, na kitu chochote utakachotia tankini hakitazifikia. Kwa injini nyingine, visafishaji vya nozeli vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo vipo, na kazi yake ni kuyeyusha utando, ilhali oili kazi yake ni kuuacha.

Je, hakuna injini ya gari inayofaidika na 2T? Ipo moja, na inafaa kuitaja kwa sababu mara nyingi hutolewa kama ushahidi. Mazda RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, na sili za pembe hizo hulainishwa kwa oili ya sampuni inayodungwa makusudi kwenye chumba cha mwako. Baadhi ya wamiliki wake huongeza 2T kwenye petroli kwa hoja kwamba, ikiwa lazima oili iungue, ni afadhali iungue ile iliyotengenezwa kuungua. Hoja hiyo imesimama vizuri. Haihami kwenda kwenye gari la IST au pikipiki ya Boxer, kwa sababu injini hizo hazidungi oili ndani ya moto.

Kosa la upande wa pili

Mkanganyiko huu una upande unaoua injini kwa dakika chache. Mtu aliyezoea kusikia kwamba 2T ni kiongezo tu, cha hiari, anaazima chensoo, anaijaza petroli tupu na kuanza kukata. Mashine hiyo haina sampu wala akiba. Beringi zake hukauka, pistoni hupanuka kwa joto na kung’ang’ania ukutani, na pengine gogo la kwanza halijaisha. Mvuvi anayepunguza oili ili kubana matumizi hupata matokeo yale yale taratibu zaidi, akiwa mbali na nchi kavu.

Chupa nazo hazifanani. Yenye alama ya TC-W3 ni ya mashine za boti zinazopozwa kwa maji, ambazo hazipati joto kali. Chensoo, inayopozwa kwa hewa na kuzunguka kwa kasi kubwa, hutaka ile yenye alama ya JASO FC au FD. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayofaa kumiminwa kwenye sampu ya bodaboda au gari, jambo ambalo hutokea kwa wanaodhani oili ni oili.

Kwa nyumba yenye pikipiki na chensoo pamoja, ambayo petroli yake inahifadhiwa kwenye madumu, makosa mawili yanayowezekana hayana uzito sawa. Pikipiki ikipewa mchanganyiko wa chensoo itafuka moshi na kuchafua plagi, kisha itaendelea na safari. Chensoo ikipewa petroli ya pikipiki haitapona. Dumu lenye mchanganyiko liandikwe uwiano wake kwa rangi isiyofutika, na lile lisiloandikwa kitu lisikaribie chensoo kamwe.